Mstari wa Kwanza wa Maharage ya Kanga

Jumanne ya mwisho ya Septemba, mvua ya kwanza ilipokuwa imelowesha vilima vya Bukiriro, Ildefonsa aliketi mlangoni akamimina kibuyu cha marehemu mama yake kwenye ungo. Yalitangulia majivu, yakafuata maharage, meusi yenye madoa meupe kama manyoya ya kanga. Ndiyo maana yaliitwa Kanga. Dukani hayakuwapo. Bibi yake aliyavusha mto Ruvubu yakiwa yamefungwa kwenye pindo la nguo, na tangu hapo hayakuwahi kukosa shamba.

"Ndiyo haya uliyokuwa unatusumbua nayo?" aliuliza Bernadetha, jirani yake.

"Ndiyo haya. Yanapanda mpaka uazime ngazi ya kanisani ndipo uyachume."

"Muongo wewe."

"Njoo Desemba. Ngazi uje nayo mwenyewe."

Ildefonsa alicheka, akaendelea kupepeta. Aliporudi kutoka kwenye ndoa yake Kanazi hakurudi na kitu. Mama yake alimwachia kibuyu hicho na nusu ya chini ya shamba. Nusu ya juu ilikuwa ya kaka yake, Celestini. Matanga yalipokwisha, Celestini aling'oa mimea ya mpaka akaipanda upya hatua tisa chini, kisha akapata karatasi yenye muhuri. Hatua hizo tisa ndizo zilizokuwa na udongo mweusi, uliolishwa majivu na maganda ya ndizi kwa miaka arobaini. Dada yake alibakiwa na hatua tisa nyingine, za changarawe.

Alipanda kama alivyofundishwa: amepiga magoti, punje tatu kila shimo, mstari wa kwanza mpakani kabisa. Mama yake alisema mstari wa kwanza hupandwa mpakani ili maharage yajue nyumbani ni wapi na kwa watu ni wapi. Mpaka wenyewe ulikuwa wa Celestini, lakini hapakuwa na mwingine. Akachomeka fito, akasubiri.

Siku ya tisa yaliota yote. Kila asubuhi Ildefonsa alikwenda kuyatazama kabla ya kunawa uso.

Siku ya kumi na tano, saa saba mchana, watu wakiwa wanakula, miche iling'oa mizizi yake. Mstari wa kwanza ulitangulia. Ulivuka mimea ya mpaka, ukapita katikati ya mahindi ya Celestini bila kuvunja jani, ukahesabu hatua tisa, ukasimama na kujizika. Mistari mingine ikafuata kwa nafasi ileile iliyopandwa. Kazi yote ilichukua muda wa kumaliza sahani moja ya ndizi. Upande wa Ildefonsa zilibaki fito tupu.

Celestini alitoka ndani akijifuta mdomo.

"Dada, maharage yako yapo kwangu."

"Yapo nyumbani, kaka."

"Na fito zake?"

"Hayazihitaji."

Ilikuwa kweli. Yalipanda hewa. Yalijisokota kwenye kitu kisichokuwapo, yakanyooka kama nguzo, na kufikia mwisho wa Novemba yalikuwa yamepita paa la kanisa, maua juu na maganda chini. Nyuki walipanda nayo. Watu walikuja kutoka Murukulazo kupiga picha, na waliokuja na nguo mbichi walizianika kwenye mashina yake.

Ildefonsa hakutembea siku hizo, alikuwa akikimbia. Alikimbia mpaka kwa mwenyekiti wa kitongoji, Mzee Hakizimana.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Nimeyaona, hata nikiwa chooni nayaona."

"Basi njoo upime!"

Mzee alikuja, na nusu ya kitongoji nyuma yake. Alipima kwa hatua zake mwenyewe, akafika kwenye mstari wa kwanza, akachimba kwa ncha ya fimbo. Chini yake kulikuwa na mizizi iliyokatikia ardhini ya mimea ya mpaka wa zamani, imenyooka sawasawa na maharage.

"Mpaka ni hapa," alisema. "Niliupanda mimi na marehemu mama yenu. Hapa hapa."

Watu walipiga vigelegele. Ildefonsa aliruka, akamkumbatia Bernadetha, wote wawili karibu waanguke.

"Lakini karatasi inasema kule," mzee aliendelea.

"Karatasi aliiandika nani?" aliuliza Ildefonsa.

"Mimi."

"Si uiandike upya?"

"Niandike kwa ushahidi gani? Maharage hayana muhuri, binti yangu."

Watu walicheka, kwa kuwa alisema vizuri. Mzee alipasua ganda moja, akatazama punje kwa muda mrefu, akasema hajaona Kanga nzuri namna hiyo tangu ujana wake. Aliomba atunziwe mbegu. Kisha akaenda kula kwa Celestini.

Desemba Celestini aliazima ngazi ya kanisani. Alivuna kutwa tatu, maana mazao hufuata udongo yalipo, na udongo ulifuata karatasi. Ila siku ya nne alimletea dada yake kibuyu kimejaa mpaka shingoni. Mbegu hainyimwi mtu, hata adui, na Celestini alikuwa mtu wa kushika mila.

Februari mvua ilirudi. Ildefonsa alipiga magoti kwenye changarawe, akapanda punje tatu kila shimo. Safari hii hakuchomeka fito.

"Yatahama tena?" aliuliza Bernadetha.

"Yatahama. Mwaka huu waje na wa Biharamulo waone."

Aliinua kichwa kutazama ng'ambo ya mahindi. Kule, hatua tisa juu, Celestini alikuwa ameshamaliza kuchomeka fito mpya, ndefu, zilizochongwa vizuri. Alizipanga juu ya mpaka wa mama yao, hakuna hata moja iliyokosea.