Nikopeshe Kidole

Mtaalamu wa simu kutoka polisi alikuwa kijana nadhifu, shati lake limenyooka utadhani lilipigwa pasi akiwa ndani yake. Aliongea taratibu, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Simu ya mshtakiwa, alisema, ilifunguliwa kwa kidole mchana ule. Muda huohuo ujumbe ukatoka kwenda kwa mlinzi wa jengo ambako mshtakiwa alikuwa fundi vigae: fungua geti la nyuma, gari linakuja kuchukua vigae vilivyozidi. Mlinzi akafungua, gari likaja, vigae vikaondoka. Na havikuwa vimezidi hata kimoja.

"Mshtakiwa anasema hakuandika ujumbe huo," mwendesha mashtaka alisema. "Wewe unasemaje?"

"Binadamu anaweza kukana, mheshimiwa. Simu haikani. Simu haina ndugu wala rafiki."

Kwenye benchi la nyuma Redio akacheka. Hakukusudia. Kicheko kilimtoka kama chafya, hakimu akainua macho, na karani wa mahakama akamnyooshea kalamu ya kumwonya. Redio akaziba mdomo kwa kiganja. Jina hilo alipewa nyumbani tangu mdogo kwa sababu hazimiki, na hata saluni anakosuka nywele wateja humlipa nusu kwa misuko, nusu kwa maneno.

Alicheka kwa sababu anavijua vidole vya mshtakiwa, baba yake. Mzee amepanga vigae maisha yake yote. Saruji na gundi zimemla ngozi mpaka ncha za vidole zimekuwa laini kama mgongo wa kijiko. Alipokwenda kuandikishwa kitambulisho, karani alimfuta vidole, akambonyeza kwenye mashine, akamfuta tena, mwisho akamuuliza kama ana uhakika ni vya kwake. Aliponunua simu ikawa yaleyale.

"Mzee, simu imekukataa," kaka yake Redio alimwambia siku ile. "Inasema wewe ni ukuta."

Kaka huyo wanamwita Injinia. Uinjinia hajausomea popote. Ni dereva wa gari dogo la mizigo, ila aliwahi kufungua pasi ya jirani na kuirudisha ikifanya kazi, skrubu tatu zikiwa zimebaki mkononi. Basi Injinia akaweka kidole chake kwenye simu ya mzee, akamwita Redio naye aweke chake. Namba za siri akabaki nazo mwenyewe, maana mzee alisema kichwa chake kimejaa vipimo vya vyumba vya watu, hakuna nafasi. Tangu hapo nyumbani kukawa na msemo. Mzee akitaka kupiga simu anainyoosha juu ya meza bila hata kuangalia ni nani yuko upande wa pili: "Nikopeshe kidole." Wageni walidhani ni dua.

Kicheko cha Redio kiliishia hapo, kwenye hesabu ndogo. Kama vidole ni viwili, na kimoja ni chake, na mchana ule yeye alikuwa saluni. Akatazama mabenchi mawili mbele. Injinia alikuwa ameinama, mikono ameibana katikati ya mapaja.

Wakili wa mzee, dada mmoja mwenye sauti ndogo na faili kubwa, alisimama. "Kwenye simu hii vimesajiliwa vidole vingapi?"

"Viwili."

"Vya nani?"

"Simu inatunza alama, haitunzi majina. Kwa kawaida huwa ni dole gumba la kulia na la kushoto la mwenye simu."

"Kwa kawaida," wakili akarudia, akaandika, akakaa. Hakujua amegusa nini. Mteja wake alimweleza kile alichowaeleza polisi: simu yangu haitoki mfukoni mwangu. Hakimu akatoa mapumziko mafupi.

Redio alimkuta kaka yake nje, karibu na bomba la maji.

"Usiniangalie hivyo," Injinia alisema.

"Sikuangalii wewe, naangalia mikono. Naona siku hizi inakaa mfukoni. Inaona aibu au baridi?"

"Redio, si sasa."

"Uliandika wewe?"

Injinia alifungua bomba, akalifunga bila kunawa. "Jamaa mmoja aliniambia vigae vitarudi kabla mwenye jengo hajajua. Simu ya mzee nilikuwa nayo, nimepewa nikaichaji. Mara moja tu."

"Na baba anajua."

"Baba ndiye aliyeninyamazisha. Polisi wako mlangoni, akaniangalia, akaangalia tumbo la mke wangu, akasema simu haijatoka mfukoni kwake. Ulitaka nimwite mzazi wangu mwongo mbele ya watu?"

"Nilitaka ujiite wewe mwizi."

Injinia alirudisha mikono mfukoni. "Mzee hana kosa lolote la nyuma. Watamwonya, atarudi nyumbani. Mimi mtoto wangu anazaliwa mwezi ujao. Sikuombi kingine, mdogo wangu. Leo zima redio."

Kupitia mlangoni Redio alimwona baba yao amekaa peke yake, anahangaika kufunga kifungo cha mkono wa shati, kifungo kinamteleza. Kisha akakohoa, kile kikohozi chake cha vumbi la vigae kinachoanza kama mzaha na kukataa kwisha. Redio alijaribu kukiweka kikohozi hicho ndani ya chumba cha gereza chenye watu arobaini. Hakikuenea.

Akamfuata wakili. "Dada, mwombe baba aifungue simu. Mbele ya wote."

"Kwa nini?"

"Mwombe tu."

Alijiambia haitafika mbali. Simu itamkataa mzee, kesi itaanguka, watarudi nyumbani wote watatu, na mengine watayamaliza jikoni. Hesabu nzuri sana, kasoro yake ni kwamba ilifanyiwa nje ya mahakama.

Mzee alikataa kwanza. Hakimu akamwamuru. Mtaalamu akaitoa simu kwenye mfuko wa nailoni, akaiwasha, akaingiza namba alizozipata kwa mitambo yake, kisha akaifunga tena ili isubiri kidole. Mzee akaweka dole gumba. Simu ikatetemeka, ikakataa. Akaweka la pili. Ikakataa. Akapitisha vidole vyote, kimoja kimoja, kama anayepapasa kigae kutafuta ufa, na kila mara simu ikatetemeka; ilipodai namba za siri, mtaalamu aliziingiza na kuifunga tena. Yule kijana nadhifu alifuta kioo kwa leso yake, kisha akavishika vidole vya mzee na kuvitazama kwa karibu.

Lakini mwendesha mashtaka alikuwa ameshasimama. "Mheshimiwa, mshtakiwa yuko nje kwa dhamana, na saruji hainunuliwi kwa kibali. Nani atatuambia hakuvisugua vidole hivi makusudi?"

"Mzee," hakimu akauliza, "kama alama hizi si zako, ni za nani?"

"Sikumbuki, mheshimiwa. Nimezeeka."

Redio alijikuta amesimama. Karani akaanza kumnyooshea kalamu, hakimu akamzuia. Alitembea hadi mbele, na walipomruhusu akaweka kidole chake. Simu ikafunguka mara moja, kimyakimya, kama mlango wa nyumbani. Juu ya kioo ikatokea picha ya harusi ya Injinia: mzee katikati, amewakumbatia wote wawili.

"Siku ya ujumbe ulikuwa wapi?" hakimu akauliza.

"Saluni, mheshimiwa. Vidole vyote kumi vilikuwa kwenye kichwa cha mteja. Muulizeni, bado analalamika nilibana sana."

Mtu mmoja alicheka. Hakimu hakucheka.

"Na kidole cha pili ni cha nani?"

Mzee alikuwa anamtazama binti yake, anatikisa kichwa kidogo sana, vile alivyokuwa akimzuia zamani asiguse kigae kibichi. Redio alifungua mdomo. Akageuza shingo kuelekea mabenchi ya mbele, akamtazama kaka yake, na hiyo ikatosha. Injinia akatoa mikono mfukoni, akaiangalia, akasimama.

Mzee alirudi nyumbani kwa miguu yake. Simu haikurudi, sasa ni kielelezo kwenye kesi ya mwanawe. Mjukuu alizaliwa salama, na wifi yake Redio humwamkia kwa heshima zote na hamwambii kitu kingine.

Jioni moja Redio alimkuta baba yake mezani na simu ndogo ya vitufe, ya zamani, kioo kimepasuka pembeni. Alikuwa anatafuta namba ya gereza aliko Injinia, anabonyeza kwa ukucha. Kila mara anakosea, anaanza upya.

"Baba, nikukopeshe kidole?"

Mzee hakuinua macho.

"Hii haikatai mtu," alisema, akaendelea kubonyeza.