Jiko la Mama Nyumbani kwa Blagota

Jumamosi saa nne asubuhi, pale Kolašin, mji wa milimani, fundi Tomaš na wanaume watatu walilipachika jiko la chuma la marehemu mama wa Vidosava ndani ya meko ya ukutani, sebuleni kwa Blagota, mdogo wake wa kiume. Lilikuwa jiko la zamani, zito ajabu. Fundi alipanda juu ya paa, akateremsha bomba jipya ndani ya dohani mpaka likakutana na jiko.

"Enzi zetu tulikuwa tunalisukuma tu ndani, moshi ujitafutie njia," alisema akijifuta masizi. "Nyumba ngapi ziliungua, Mungu ndiye anajua."

Nyumba ya mama, lilikotoka jiko, Blagota alikuwa ameiuza. Vidosava alisaini kuiacha nusu yake, kwani kwenye milima ile dada anayedai urithi kwa kaka yake hunyooshewa vidole hadi kanisani. "Saini tu hapa, dada, mimi na wewe ni kitu kimoja," Blagota alimwambia. Sasa Vidosava alipanga chumba juu ya duka la viatu. Alichotaka kilikuwa kidogo: Blagota atamke kwamba nusu ile ilikuwa yake.

Moto uliwashwa, ukawaka vizuri. Sebule ikabaki baridi. Slavojka, mke wa Blagota, aliligusa jiko akalikuta baridi kama bomba la maji. Kwenye kigoda karibu na mlango, Vidosava alikuwa ameshavua skafu na sweta, jasho likimtiririka.

Fundi alizunguka chumba kizima akitanguliza kiganja, akasimama mbele ya Vidosava.

"Joto lote liko hapa. Nyumba lilikotoka jiko ilikuwa ya nani?"

"Tulishasaini," alisema Blagota.

"Haya. Bomba langu halina kosa." Akamaliza pombe yake ya rakia, akaenda zake.

Slavojka hakupoteza muda. Alimvuta Vidosava na kigoda chake hadi katikati ya sebule.

"Wifi, leo unakula hapa. Na kesho pia!"

Tangu siku hiyo Blagota alimfuata kwa gari kila alasiri. Watoto walisoma wakimwegemea mgongoni, soksi mbichi zilikaukia mabegani mwake, na unga wa mkate uliumukia mapajani pake. Alipakuliwa wa kwanza, na jibini zaidi ya wote. Vidosava alinenepa, akacheka mpaka mbavu zikamuuma. Alizipenda jioni zile, kwa kweli alizipenda.

"Blagota," alisema siku moja, "ile nusu yangu..."

"Kula, dada, chakula kitapoa."

Karibu na Vidosava hakuna kilichowahi kupoa.

Theluji ilipoyeyuka, gari liliacha kuja. Majira yote ya joto simu haikulia hata mara moja.

Baridi ya kwanza ilipoingia, honi ikasikika chini ya dirisha. Vidosava alikuwa amevaa koti tangu asubuhi. Alimwacha apige honi mara tatu, ndipo akateremka. Blagota alimfungulia mlango wa mbele.

"Dada! Umependeza kweli!"

"Nusu yangu, Blagota," alisema akipanda.

"Funga mkanda, dada," alisema Blagota, akawasha gari.