Pua ya Bukuru

Pua yangu ni ya baba. Hilo linajulikana hapa kwetu, juu kidogo ya Rusumo, maana baba yangu Bukuru alitembea nayo miaka mingi kabla sijazaliwa: pua kubwa, yenye nundu katikati na ncha iliyoinama kana kwamba inachungulia mdomo unasema nini. Alinipa mimi, nami nikampa binti yangu Teddy. Sikumwuliza kama anaitaka. Nani huulizwa?

Kwa hiyo Teddy aliponiambia anakwenda Dar es Salaam kufanyiwa upasuaji wa pua, nilimwuliza kwanza inaumwa nini. Akasema haiumwi. Nikamwuliza kama inapumua, akasema inapumua vizuri tu. Sasa wanapasua nini? Akatoa simu, akanionyesha picha aliyojipiga kwa upande, akaweka kidole juu ya ile nundu.

"Hii, mama. Nataka waitoe hii."

Nikaitazama picha, nikashika ya kwangu. Ilikuwa ileile. Nikamwambia kama anaionea haya pua hiyo basi anionee haya na mimi, kwa sababu natembea nayo mchana kweupe mpaka kanisani.

Teddy si mtoto. Ni wakala wa forodha pale mpakani, mwanamke mzima anayebishana na madereva wa malori tangu asubuhi na kuwashinda. Lakini shuleni walimwita Nundu, na hata pale Rusumo kulikuwa na madereva wasiojua jina lake, wanauliza tu yuko wapi yule dada mwenye pua. Alikuwa anacheka nao. Mimi nilidhani kicheko kile ni kicheko. Akajiwekea akiba yake kimyakimya, akaomba likizo, akaenda.

Nilikasirika sana, lakini hasira yangu huwa haikai. Kilichokaa ni hofu. Mama yangu mzazi, Kankindi, alifariki nikiwa mdogo mno. Alikimbia Rwanda akiwa msichana, yeye na mdogo wake, akaolewa na baba hapa Ngara, akanizaa, akafa. Hakuacha picha hata moja. Nikijaribu kumkumbuka napata mgongo tu, nimebebwa, na kitambaa chekundu kichwani, uso sina. Basi watu wangu wote ninaoweza kuwaona kwa macho walikuwa ndani ya pua ile. Baba alipokufa niliendelea kumwona kwenye kioo, na kwa Teddy. Sasa Teddy anakwenda kumtoa. Nikajisemea mtoto huyu akirudi hatafanana na mtu wetu yeyote, atakuwa kama wale abiria wanaoshuka mpakani, wanagongewa muhuri na kwenda zao.

Alirudi moja kwa moja kwangu, si kwake, kwa kuwa daktari alimkataza kukaa peke yake. Plasta ngumu walikwisha kuitoa hukohuko. Chini ya macho alikuwa wa manjano na zambarau, na pua yenyewe ilikuwa imevimba kuliko ile aliyoikimbia. Nilicheka, Mungu anisamehe. Nikamwambia angeniomba mimi ningemchapa ngumi bure akapata hiyohiyo. Yeye hakuweza kucheka, uso ulikuwa umemkaza, akaniashiria kwa mkono ninyamaze.

Masharti aliyokuja nayo yalikuwa mengi kuliko ya mzazi aliyejifungua jana. Asipenge kamasi. Asiiname, asibebe ndoo, alale kichwa kikiwa juu. Asikae kwenye moshi, asipigwe na jua la usoni, asivae miwani. Akipiga chafya, aachame mdomo ili nguvu yote ipitie huko. Nilinuna, lakini nilihamishia mafiga yangu nje ili moshi usiingie ndani, nikakunja kanga na blanketi nikampangia mito. Akawa anatoka na mwavuli kwenye jua, majirani wakasema siku hizi Teddy anaringa. Nikawaacha waseme, maana kama ningejibu ningejibu mengi.

Kazi iliyomshinda mwanzoni ni kuosha. Maji yaliyochemshwa na kupoa, yenye chumvi kidogo, unayavuta kwa bomba la sindano lisilo na sindano, unayasukuma polepole puani. Siku ya kwanza Teddy aliyamwaga kifuani, nikamnyang'anya bomba. Nikasukuma maji kwenye tundu la kulia, yakatoka kwenye la kushoto. Nilifanya ishara ya msalaba. Nimeishi na pua kubwa umri wangu wote na sikujua kwamba huko ndani kuna njia, kwamba maji yanaweza kuingia mlango huu yakatokea mlango wa pili, mtu akiwa amekaa, anapumua kwa mdomo na kunitazama. Nikaomba turudie. Teddy akasema yatosha, mama, hii si michezo.

Chafya ya kwanza ilitukuta tunamenya maharage. Niliiona inakuja usoni mwake. Akaachama kama alivyoagizwa, tukashikana mikono, tukaisubiri wote wawili kama watu wanaosubiri radi. Ikatoka yote kwa mdomo, na pua ikabaki mahali pake.

"Kira," nikamwambia, yaani pona, kama tunavyomwambia yeyote aliyepiga chafya. Siku ile nilikuwa naiambia pua.

Kisha kukawa na inzi. Alitua kwenye ncha ya pua yake akatembea huku na huku kama yuko kwake, na Teddy akaendelea kunisimulia habari za kontena lililokwama. Hakuwa anamsikia. Daktari alikuwa amemwambia ganzi ile ya ncha itachukua miezi, labda zaidi. Nilimfukuza yule inzi, halafu nikagusa ncha kwa kidole changu kidogo, taratibu, Teddy hana habari. Nilishangaa jinsi kitu kinavyoweza kuwa usoni pa mtu na bado hakijafika.

Aliporudi kazini alikuja kwangu kila Jumapili baada ya misa, na mimi kila Jumapili nilimkagua. Daktari alisema asihukumu umbo mpaka mwaka upite, kwa sababu uvimbe wa pua una kiburi, unaondoka unapotaka. Asubuhi ilikuwa nene, jioni imepungua. Mwezi huu mgongo wa pua umenyooka, mwezi ujao ncha imeanza kuonekana. Kiangazi, malori yalipotimua vumbi, tundu la kushoto likawa linaziba, na hata leo si sawasawa. Alimpigia daktari, akaambiwa ni kovu la ndani, aendelee na maji ya chumvi. Anaendelea. Hakuna aliyemwambia kwamba atamaliza siku moja akasahau.

Lakini mimi, niliyekwenda kwenye jambo hili kwa kununa, nilianza kuisubiri Jumapili. Nilikuwa naona kitu ambacho sijawahi kukiona kwa mtu mzima: sura ikizaliwa polepole. Ilikuwa nzuri, sikatai. Ila kila nilipoitazama nilijiuliza swali lilelile, hii ni ya nani. Haikuwa ya baba. Haikuwa ya mume wangu, wala ya shangazi zake. Nikawa nashangaa na moyo unaniuma hapohapo.

Mwaka ulipokuwa umepita, Jovitus akapiga simu kutoka Nyamigogo, kule Biharamulo. Jovitus ni mtoto wa mama yangu mdogo, Ildefonsa, yule aliyekimbia Rwanda pamoja na mama. Akasema mama yake amedhoofu, na anataka kumwona Teddy. Alikuwa amemwona mara moja tu, Teddy akiwa mchanga. Nilikuwa naenda kumsalimia peke yangu. Teddy alikuwa shule, kisha kazini, sababu hazikuisha.

Nikakosa raha. Mama mdogo ndiye mtu pekee aliyebaki duniani aliyemjua mama yangu, na hata yeye nilipomwuliza Kankindi alikuwaje, alinijibu tu kwamba alikuwa Kankindi. Sasa nimpelekee mjukuu mwenye uso wa watu gani? Nikapanga tuseme ni ajali ya bodaboda. Teddy akakataa katakata, akasema atasema kweli, pua ni yake na aibu si yake. Tukaenda tumenuniana, basi mpaka lilipoishia, kisha bodaboda, yeye kajifunga barakoa kwa ajili ya vumbi.

Mama mdogo alikuwa amekaa nje, kwenye mkeka kando ya mlango, amejifunika blanketi na miguu juani. Alikuwa mdogo kuliko nilivyomwacha. Teddy akavua barakoa, akapiga magoti mbele yake.

"Shikamoo, bibi."

Hakuitikia. Alimtazama tu. Nikajua ameona nilichokiogopa, kwamba aliyepiga magoti pale ni mgeni. Nikaanza kueleza kwamba huyu ni Teddy, kwamba alipata ajali, na hapo akainua kiganja kuninyamazisha.

"Yewe," alisema, kwa mshangao wa kwao Rwanda. "Kankindi."

Jovitus akainama akamwambia kwa upole kwamba huyu ni Teddy, mjukuu, na akanitazama mimi kama mtu anayeomba radhi kwa ajili ya mzee. Mama mdogo akamgeukia kwa hasira.

"Najua ni mjukuu. Nimezeeka, sijawa mjinga. Nasema amekuja na uso wa dada yangu."

Akaanza kuuonyesha kwa kidole, bila kuugusa, kama mwalimu ubaoni. Paji hili la uso. Macho haya yaliyoachana. Mdomo wa juu huu mfupi. Na pua hii fupi yenye ncha iliyoinuka kidogo, ambayo wasichana wenzake walikuwa wakimtania nayo kisimani, kila wingu likitanda wanamwambia Kankindi ziba pua, mvua inakuja. Aliyasema haya huku machozi yanamtoka na hajisumbui kuyafuta. Kisha akamwuliza Teddy alikuwa wapi siku zote hizi.

"Nilikuwa na pua ya babu, bibi," Teddy akasema. "Nikaitoa."

Mama mdogo akageuka kunitazama mimi. Akaitazama pua yangu vizuri, kutoka juu mpaka chini, na ghafla akacheka, kicheko cha msichana kabisa.

"Kumbe Bukuru alikuwa amekaa mbele yake, Esperansia. Amemziba."

Nilikaa chini, palepale kwenye vumbi, na nguo yangu ya kanisani. Paji lile nimesuka nywele juu yake tangu Teddy ana meno mawili. Macho yale nimeyafuta tongo. Mdomo ule nimeulisha uji. Mama yangu alikuwa nyumbani kwangu miaka yote hiyo, nampigia kelele aoshe vyombo, na sikumjua. Na daktari wa Dar es Salaam, ambaye hajawahi kusikia jina la Kankindi, aliyekuwa anafikiria mfupa na gegedu tu, alipunguza kipande akashona akaenda kula chakula chake cha mchana. Sijui hilo linaitwaje. Nilikuwa na hofu ile inayokuja kanisani kengele inapogongwa na watu wote wananyamaza, hofu ambayo hutaki iishe.

Teddy alikuwa analia. Kamasi zilikuwa zinamtoka na hakupenga, mazoea ya mwaka mzima yamemshika, ameinua kichwa tu kama alivyofundishwa. Nikachukua ncha ya kitenge changu nikamfuta kwa kugusagusa, polepole.

"Unaweza kubonyeza sasa, mama," akasema. "Imepona."

Sikubonyeza. Nilimshika kidevu, nikamgeuzia uso kwenye mwanga. Mama yangu alikufa akiwa na umri mdogo kuliko alionao Teddy leo. Ndivyo alivyokuwa, basi. Ndivyo alivyonitazama. Nilikuwa na mengi ya kumwambia, ya miaka mingi, nikaanza na lile la kwanza ambalo mtoto yeyote humwambia mama yake akimwona.

"Shikamoo," nikasema.

Teddy alimtazama bibi yake, kisha akanitazama mimi pale chini. Niliona anaelewa. Akajifuta machozi, akaweka kiganja chake juu ya kichwa changu.

"Marahaba, Esperansia. Hujambo, mwanangu?"

"Sijambo, mama," nikamjibu.