Jiko la Kuhama Nalo

Fundi Marcelino alikuwa na ugonjwa mmoja usio na dawa: akimwona mtu anahangaika na kitu, hatulii mpaka atafute bati. Wengine wakiona shida husema pole wakapita zao. Yeye husema pole, kisha huchukua vipimo.

Shida iliyomkaa rohoni kuliko zote ilikuwa ya mkewe, Candida. Mama huyu alikuwa akipika wali na maharage kwenye uchochoro wa Mtaa wa Mkunguni, hatua chache kutoka soko la Kariakoo, na kila askari wa jiji walipotokea alilazimika kumwaga mkaa wa moto mtaroni, akabeba jiko tupu na kukimbia. Akifika alikokimbilia, hana moto, na wateja hawali mchele mbichi. Mkaa wenyewe ulikuwa wa kutafuta kwa tochi. Mwaka ule wa themanini na tatu kila kitu kilikuwa cha kutafuta kwa tochi, na tochi nayo haikuwa na betri.

Basi Marcelino akakaa miezi minne kwenye kibanda chake cha Gerezani, akikata vipande vya pipa na kuvigonga, na mwisho akatoa jiko ambalo halijapata kuonekana. Ubavuni alilikandika udongo kwa ndani. Juu aliliwekea kifuniko cha kuzungusha, na chini mlango mdogo wa majivu. Ukifunga vyote viwili moto unalala bila kufa, ukivifungua na kupepea mara tatu unaamka. Lilikuwa na mpini wa mti usioshika joto, unalibeba kwa mkono mmoja, unahama nalo likiwa na makaa tumboni. Alilitembeza mwenyewe kutoka Gerezani hadi Jangwani na kurudi, mkono haukuungua, moto haukuzimika. Candida alikuja nyuma na sahani tu. Mara zote za majaribio Marcelino hakumwachia mkewe kulibeba, maana alilitengeneza ili mama apumzike, sasa ampe tena mzigo? Alikuwa mume mwenye huruma, hilo hakuna wa kumnyang'anya.

Huruma hiyo ndiyo iliyotaka kumponza.

Huku nyuma mambo yalikuwa yamefika shingoni. Operesheni ya Nguvu Kazi ilikuwa imeanza, na kila asiye na kitambulisho cha kazi alihesabiwa mzururaji, anapandishwa lori kupelekwa kijijini akalime. Kugonga mabati kwenye kibanda kisicho na leseni haikuwa kazi, na kupika uchochoroni ndiyo kabisa. Jumanne walimchukua Ignasi, fundi viatu aliyepanga chumba cha pili katika nyumba waliyokaa wao. Walimchukua na suruali ya kufanyia kazi, mkewe akiwa sokoni. Mpaka Alhamisi mama wa watu alikuwa hajui lori lilielekea Morogoro au Lindi.

Alhamisi hiyohiyo Mzee Mwinyimvua, balozi wao wa nyumba kumi, alikuja mlangoni na daftari kwapani. Alikuwa mzee wa watu wa Kariakoo, mpole, na aliichukia kazi aliyopewa.

"Shikamoo mzee," alisema Marcelino.

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kukwambia mwenyewe kabla hujasikia kwa watu. Jumatatu napeleka majina. La kwako na la mkeo yamo."

"Mzee wangu, Jumamosi kuna lile shindano la Mnazi Mmoja."

"Nalijua. Mshindi wa kwanza anapewa chumba cha karakana, kibali cha mabati, na vitambulisho yeye na mkewe. Hilo ndilo lililonileta." Mzee alishusha sauti. "Ukishinda, nakata majina mawili kwa kalamu hii. Usiposhinda, mimi sina uwezo, Marcelino. Nina bosi juu yangu, naye ana wake."

Alipoondoka, Candida alibaki ameshika mwiko. Binti yao Angelina, wa miaka minne, alikuwa amelala kwenye mkeka. Mama alimtazama mtoto, akamtazama mume, akasema, "Na wakituchukua mbalimbali kama akina Ignasi?"

"Tutashinda," alisema Marcelino.

Jumamosi saa nne asubuhi Mnazi Mmoja palikuwa pamejaa. Shindano lilihusu vifaa vya kurahisisha kazi za kila siku na vinavyobebeka, na mafundi walikuwa wameleta kila walichoota. Kulikuwa na kiti cha kukunja, meza ya kukunja, na kitanda cha kukunja cha fundi mmoja wa Ilala ambacho kilimkunja na mwenyewe mbele ya wageni wa heshima, mpaka akaja kuchomolewa na watu wawili. Umati ulicheka. Marcelino hakucheka. Kila dakika alikuwa akiinama kuchungulia makaa.

"Ongeza mengine," alimwambia mkewe.

"Yamejaa, Baba Angelina."

"Ongeza. Yakizima mbele yao tumekwisha."

Candida aliongeza mpaka kifuniko kikafunga kwa shida. Alikuwa amevaa kitenge chake cha kanisani na kilemba kizuri cha rangi ileile, mtu angedhani amekuja kwenye harusi.

Mkuu wa majaji alikuwa Bi Sabaha, mama mnene wa Upanga, mwenye miwani na sauti ya ualimu. Marcelino alieleza yote: udongo wa ubavuni, kifuniko, moto usiokufa. Hakusema kuwa ni jiko la kuwakimbia askari wa jiji, maana wawili walikuwa wamesimama palepale. Alisema ni jiko la kuhama nalo. Kisha akashika mpini ili aonyeshe.

"Weka chini, fundi," alisema Bi Sabaha. "Wewe ndiwe unayepika nyumbani kwako?"

Watu wakacheka. "Hapana, mama."

"Basi abebe anayepika. Na asibebe jiko peke yake, mama ntilie hahami na jiko tu. Abebe na sufuria ya maharage. Kutoka hapa mpaka kwenye ule mwembe ni hatua hamsini. Moto usizimike, mchuzi usimwagike, mzigo usishushwe njiani. Akifika, afungue apashe maharage tuonje. Likishindikana mojawapo, tunaendelea na mwingine."

Candida aliitazama ile sufuria. Ilikuwa kubwa, ina masikio mawili, na imejaa mchuzi mpaka ukingoni. Sufuria ya namna hiyo haishikwi kwa mkono mmoja. Hakufikiri mara mbili. Alivua kanga aliyojitanda, akaisokota, akaizungusha ikawa ngata, akaiweka juu ya kilemba. Kisha akamwambia kijana mmoja wa kamati, "Nitwishe, mdogo wangu." Jiko likapanda kichwani, naye akaishika sufuria kwa masikio yote mawili.

Marcelino aliona, na hapo ndipo kilipomjia kitu ambacho miezi minne hakikumjia. Wanawake hubeba kichwani. Tangu azaliwe huko Ndanda ameona mama yake, dada zake na mke wake wakibeba kichwani kuni, maji, na gunia la mihogo. Lakini yeye alipotengeneza jiko alitengeneza mpini, maana yeye ni mwanamume na mwanamume hubeba kwa mkono. Udongo aliukandika ubavuni, ambako mguu wa mbebaji ungeweza kugusa. Chini hakuweka kitu. Chini palikuwa bati tupu, unene wa kucha, ili jiko liwe jepesi. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, nasi mafundi wa aina hii tunawajua: wana akili nyingi, tatizo hawajawahi kujitwika.

"Twende!" alisema Bi Sabaha, na umati ukaanza kuhesabu kwa sauti moja.

"Moja! Mbili! Tatu!"

Candida alitembea kama wanavyotembea wanawake wenye mzigo, shingo imenyooka, kiuno ndicho kinachofanya kazi. Mchuzi haukutikisika. Marcelino alimfuata kwa pembeni, hatua tatu nyuma, roho mkononi. Alijiambia kuwa ngata ni nene. Alijiambia kuwa hamsini si mbali.

"Kumi na nane! Kumi na tisa!"

Mzee Mwinyimvua alikuwa amesimama mbele kwenye kivuli cha mwembe, daftari kwapani, anahesabu na wenzake kama mtoto wa shule.

"Ishirini na saba! Ishirini na nane!"

Hapo Candida alipunguza mwendo kidogo. Kidogo sana, hakuna aliyeona ila mumewe. Halafu akaendelea.

"Thelathini na moja! Thelathini na mbili!"

Harufu ikamfika. Ilikuwa harufu ya pamba inayoungua, na chini yake nyingine nyembamba, kali, ambayo kila aliyewahi kumchoma kuku manyoya anaijua. Moshi haukuonekana. Vumbi na jua vilikuwa vingi, na watu walikuwa wanapiga makofi kwa mdundo wa hesabu.

Neno lilimfika Marcelino kooni. Shusha. Ni neno moja tu, mtoto wa miaka miwili analiweza. Akafungua mdomo. Akaliona daftari chini ya kwapa la Mzee Mwinyimvua, akamwona Ignasi na suruali yake ya kufanyia kazi, akamwona Angelina peke yake kwenye ule mkeka. Akasema moyoni, zimebaki kumi na nane. Akasema moyoni, Candida si mtoto, angekuwa anaumia angeshusha mwenyewe. Maneno ya namna hiyo mtu hujiambia haraka, kabla hajapata muda wa kujijibu.

Akafunga mdomo.

"Arobaini! Arobaini na moja!"

Machozi yalikuwa yanamtoka Candida, yanashuka mashavuni, na uso wake haukubadilika. Mwanamke mmoja kwenye umati alipiga kigelegele, akidhani mwenzake analia kwa furaha. Marcelino alitembea huku anaangalia miguu ya mkewe, maana uso hakuweza kuuangalia.

"Arobaini na tisa! Hamsini!"

Bi Sabaha mwenyewe alipokea sufuria. Vijana wawili wakalishika jiko kwa mpini wakalitua. Kabla yeyote hajatazama, Candida aliinyakua ngata, akaikunja, akaibana kwapani. Kisha akapiga magoti, akafungua kifuniko, akafungua mlango wa majivu, akapepea mara tatu. Moto ukaamka kama ulivyoahidiwa. Umati ulipiga kelele zilizofika Msimbazi.

Bi Sabaha alionja maharage, akaitikia kwa kichwa. Halafu akavua miwani. "Mama, hebu niambie kweli. Kichwani linachoma?"

Marcelino aliitazama ngata kwapani mwa mkewe.

"Halichomi, mama," alisema Candida. "Linatia joto tu, kama kofia."

Watu wakacheka, na jaji naye akacheka, na shindano likaishia hapo. Jiko lilipata nafasi ya kwanza, kiti cha kukunja ya pili. Mzee Mwinyimvua alitoa kalamu mbele ya kila mtu, akakata majina mawili, akakata mara mbilimbili kwa furaha, mpaka karatasi ikatoboka.

Walirudi nyumbani na nusu ya mtaa nyuma yao. Uani watu walianza ngoma ya madebe kabla fundi hajafungua mlango. Bi Zamda wa chumba cha mbele, aliyebaki na mtoto, alikuwa anacheza na Angelina mgongoni. Kila mmoja alitaka kumshika Marcelino mkono, na yeye alitoa mkono, akacheka pale walipotaka acheke, kisha akaingia chumbani na kurudisha mlango.

Candida alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda. Alikuwa anavua kilemba polepole, akilowanisha kitambaa kwa maji pale kilipogandamana na ngozi. Kilipotoka, Marcelino alipaona. Utosini hapakuwa na nywele. Palikuwa pekundu, upana wa kiganja, panatoa maji.

Alipiga magoti. Alitaka kumgusa, hakujua amguse wapi. "Kesho naweka udongo chini," alisema. "Na udongo mzito. Hakuna mwanamke mwingine atakayeungua, Mama Angelina, nakuapia. Nitafumua yote."

"Weka," alisema Candida.

Akachovya tena kitambaa kwenye maji, akakikamua. Nje walikuwa wanaimba jina la mumewe.

"Baba Angelina," alisema, "ulianza kunusa walipokuwa wamefika ngapi?"

Angeweza kusema hakunusa. Vumbi lilikuwapo, kelele zilikuwapo, na angeaminiwa na dunia nzima isipokuwa mtu mmoja.

"Thelathini na mbili," alisema.

Candida alikiweka kitambaa utosini. Hakukasirika, na hilo ndilo lililomtisha Marcelino kuliko kitu chochote siku ile.

"Mimi moto ulinifika kwenye ishirini na nane," alisema. "Nikasema moyoni, akinusa tu akaniita, nashusha, na tupande hilo lori lao wote watatu. Basi nikawa natembea, nakusubiri uniite."