Bangili Iliyokuja na Mwenyewe

Jumatano jioni, Milembe akiosha vyombo, bangili yake mpya iligoma kutoka mkononi. Alipaka sabuni ya mche, akapaka mafuta ya kula, akavuta mpaka machozi yakamlenga. Mama yake, Kwandu, akajaribu naye, wapi! Wote wawili walikuwa wameshachoka pale mwanamke mzee alipoingia uani bila hodi, akavuta kigoda, akakaa karibu na jiko.

"Mwadila, mayu," alisalimia kwa Kisukuma.

"Mwadila," Kwandu aliitikia. "Mhola?"

"Mhola duhu. Mimi ni Nyanjige wa Malampaka. Nilikufa mwaka wa nzige. Hiyo bangili ni yangu."

Kwandu alimmiminia chai. Mgeni ni mgeni, na chai ilikuwa bado ya moto.

Bangili waliinunua Bariadi mjini kwa Anatoli. Mwaka ule watu binafsi walikuwa wameruhusiwa kununua pamba, na mtu yeyote aliyekuwa na meza na mwavuli alijiita mfanyabiashara. Anatoli aliuza vito vilivyokwisha kuvaliwa. Aliapa kwamba hiyo ni dhahabu tupu, imetoka kwa mke wa tajiri mmoja wa Mwanza aliyehamia Ulaya. Kwandu aliigeuzageuza, akaiuma kwa jino, akaridhika. Mwanamke huyu hakuwahi kununua hata ndama bila kuuliza katoka zizi la nani na kwa nini anauzwa, lakini kwa bangili hakuuliza kitu. Alikuwa anamwoza binti yake wa pekee Jumamosi, na alitaka asimame kanisani aking'aa.

Sasa dhahabu ilikuwa shaba, na shaba ilikuwa na mwenyewe. Nyanjige alieleza bila ukali kwamba ni bangili ya mizimu ya ukoo wao, na anayeivaa ndiye mjukuu wake. Kwa hiyo Milembe alikuwa mjukuu wake, na hawezi kuolewa mpaka ndugu wa Malampaka wakae na kupanga mahari upya.

"Lakini ndoa imeshatangazwa kanisani," Kwandu alisema.

"Siku hiyo sikuwepo," bibi alijibu, akaomba sukari.

Kwandu aliingiwa na hofu. Marehemu hakumtisha, wakwe ndio waliomtisha. Harusi ilikuwa imeahirishwa mara mbili, kwanza kwa mvua, halafu kwa msiba, na wakwe walishasema wazi kwamba ikiahirishwa tena watakuja kuchukua ng'ombe wao.

Asubuhi wakaongozana wote watatu hadi sokoni. Anatoli alimtazama Nyanjige, akamtazama Kwandu.

"Mama, mimi nimekuuzia bangili. Huyu bibi sikukuuzia, wala sikukutoza kitu kwa ajili yake."

"Uliniambia dhahabu."

"Nilisema rangi ya dhahabu." Alionyesha kibao juu ya kichwa chake: BIDHAA IKISHAUZWA HAIRUDISHWI. "Siku hizi soko ni huria, mama. Kila mtu na macho yake."

Mjini palikuwa na dawati la malalamiko ya wanunuzi, lililofunguliwa mwaka uleule, na karani wake alikuwa muungwana. Alimpa Nyanjige kiti kwanza, kama umri wake ulivyostahili, ndipo akaomba risiti. Iliandikwa "Bangili 1", basi.

"Shahidi ninaye," Kwandu alisema. "Mwenye mali huyu hapa."

Karani alifuata mistari ya kanuni kwa kidole. "Shahidi marehemu anakubalika. Ila alete barua ya mtendaji wa kijiji alikozikwa, halafu msubiri siku tisini."

"Harusi ni keshokutwa, baba."

"Haki yenu mnayo kabisa, mama. Sheria iko upande wenu." Akaigonga fomu muhuri, akaiweka juu ya rundo lililokuwa limeshaziba nusu ya dirisha.

Kwandu alikaa kwenye ngazi nje. Hapo ndipo alipouliza lile alilopaswa kuuliza mwanzoni. "Bibi, hii bangili imetoka zizi la nani?"

Nyanjige akatabasamu kwa mara ya kwanza. "La mjukuu wangu Maduhu. Nimesimama wiki nzima chini ya mwavuli wa yule bwana, nikingoja mtu aulize. Hata wewe ulinikanyaga mguu, ukasema samahani, ukaendelea kuuma bangili."

Ijumaa alfajiri walipanda lori la pamba lililokuwa likienda stesheni ya Malampaka. Walimkuta Maduhu kwenye zizi tupu. Tangu auze bangili, ng'ombe wake kila jioni walirudi kwa jirani, na akiwaswaga kuja kwake walilala chini. Alipomwona bibi yake akishushwa kwenye lori, alipiga magoti, akaushika mkono wa Milembe, na bangili ikateleza yenyewe mpaka kiganjani mwake.

"Nilihitaji bati za nyumba," alisema.

"Najua," bibi yake alisema. "Ndiyo maana sikukuchapa."

Kwandu alilia palepale, kilio cha mtu aliyetua mzigo, na ng'ombe walikuwa wameanza kurudi mmoja mmoja. Nyanjige aliwasindikiza mpaka barabarani, akamtakia Milembe watoto wengi, akageuka kwenda kwake.

Jumamosi Milembe aliolewa mikono mitupu. Shaba ilikuwa imemwachia alama ya kijani kuzunguka mkono, na shangazi wa bwana harusi aliuliza hina hiyo inauzwa wapi. Siku ya tisini, barua ikaja kutoka kwenye dawati: malalamiko yenu yamepokelewa.

Wiki hiyohiyo Kwandu alipita sokoni. Anatoli alikuwa amenunua mwavuli mkubwa zaidi. Mwalimu mmoja wa kike alikuwa akiuma mkufu, na nyuma yake alisimama mzee mwenye fimbo, akingoja kuulizwa. Kwandu alimwamkia, naye akaitikia.

"Mwalimu, uliza huo mkufu umetoka kwa nani," Kwandu alisema.

"Ni dhahabu," mwalimu alijibu, na kufungua pochi.

Kwandu alishusha pumzi. Alimshukuru Mungu kwamba safari hii mgeni si wake, akaona haya kidogo kwa shukrani hiyo, akaenda kununua chumvi. Alipogeuka, mzee alikuwa tayari anamfuata mwalimu, amembebea kikapu.