Jina la Kunyonyea

Elyse aliogopa damu, na bado akaenda kusomea ukunga. Cheka ukitaka, hata wenzake wa chuo pale Lodwar walicheka mpaka wakachoka. Msichana ametoka Uvira, Kongo, kavuka mipaka kuja Turkana kujifunza kuzalisha, halafu akiona pamba yenye doa anameza mate! Jambo ambalo hakuwaambia ni hili: alikuwa na miaka minane mama yake alipojifungua chumbani mwao. Damu ilitoka ikagoma kukoma, na aliyeshika beseni ni yeye. "Elyse, damu imekoma?" mama akawa anamuuliza. "Imekoma?" Mtoto wa miaka minane atajibu nini? Mama alikwenda na swali lake. Tangu hapo jina la mama, Clotilde, halikutoka kinywani mwa Elyse. Alisema "yule".

Chuo kikifungwa, alijitolea kwenye zahanati moja huko Kakuma. Alipima watoto uzito, akawatafsiria Wakongo wa kambini, akafua mashuka. Wakati wa kuzalisha alisimama nyuma ya wakubwa na kuangalia ukuta. Basi asubuhi moja wauguzi wote wamezidiwa, ikaja habari kwamba ng'ambo ya laga kuna mama ameshikwa na uchungu kabla ya wakati wake, achukuliwe apelekwe Lodwar.

"Utaweza?" muuguzi mkuu akamuuliza.

"Nitaweza," akasema. Ni aibu iliyojibu, si yeye.

Laga ni mto usio na maji. Karibu mwaka mzima ni mchanga tu, mbuzi wanapita, wanawake wanachimba humo visima vya kunywa. Emanikor, dereva wa ambulansi, aliivuka akipiga mluzi, vumbi likipanda nyuma yao. Manyattani walimkuta Akiru, binti wa rika la Elyse hasa, akihema kwa shida, na mama mkwe wake, Nakaale, shanga zimemjaa shingoni na uso umefungwa kabisa. "Ejok," Elyse akamwamkia. Bibi akamtazama kuanzia viatu hadi nywele, akapanda gari.

Waliporudi, laga haikuwa mchanga tena. Maji ya rangi ya chai ya maziwa yalikuwa yanakimbia kutoka ukingo huu hadi ule, yamebeba miti mizima mizima na mbuzi mmoja aliyekufa. Mbinguni hakuna hata wingu.

"Hii mvua imenyesha huko milimani," Emanikor akasema, akazima injini. "Hapa hatupiti. Tungoje ishuke."

"Tungoje mpaka saa ngapi?"

"Hiyo uliza maji." Akainua simu juu, hakuna mtandao.

Akiru hakungoja. Alijifungua mle mle garini, jua likichoma bati. Mtoto wa kike, mdogo lakini ana sauti, akalia vizuri. Kondo la nyuma nalo likatoka zima. Elyse akaanza kumshukuru Mungu, shukrani ikakatika. Damu ilikuwa inakuja.

Haikuruka. Ilitiririka kimya kimya kama mtu anayeondoka bila kuaga. Elyse akamchoma Akiru sindano ya kukaza mfuko wa uzazi, moja tu iliyokuwemo kwenye kisanduku. Akaweka mkono tumboni akasugua kama alivyofundishwa. Chini ya kiganja mfuko ulikuwa laini kama unga uliozidi maji. Akasugua, akasugua. Damu ikafika kwenye magoti yake, na haki ya Mungu, akawa na miaka minane tena. Alitaka kufungua mlango akimbie, maji yamchukue, liwalo na liwe.

"Mtoto anyonye!" akapiga kelele. Hilo alilikumbuka, mwalimu alilirudia mara nyingi: mtoto akinyonya, mfuko wa uzazi hujikaza. "Bibi, mweke mtoto kwenye ziwa!"

Nakaale alimkumbatia mtoto, akasema maneno machache kwa Kiturkana. Emanikor alikuwa nje ameligeuzia gari mgongo, maana mwanamume hatazami mambo hayo, naye akatafsiri akiwa anaangalia maji.

"Anasema mtoto hanyonyi bila jina. Kwao lazima waitwe waliotangulia kufa. Mtoto akisikia jina lake, ndipo ananyonya."

"Basi aite! Aite upesi!"

Usidhani bibi alikuwa anafanya maskhara. Aliona damu kama Elyse alivyoiona, na midomo ilikuwa inamcheza. Lakini kwa ukoo wake, mtoto akipewa ziwa bila kuitwa, ni kama umeacha mlango wazi, na uhai wa mama yake utatoka kwa mlango huo huo. Akamsogeza mtoto kifuani kwa Akiru, akaita jina la kwanza. Mtoto akafumba mdomo. Akaita la pili. Mtoto akageuza uso. Akaita mama zake, shangazi zake, bibi aliyekufa mwaka wa ukame, na kila jina Elyse alisugua na kuomba, huyo, Mungu wangu, awe huyo. Mtoto akalia tu. Akiru akaacha kuhema kwa nguvu, macho yakaanza kutafuta paa.

Majina yakamwishia Nakaale. Kisha akamwelekezea Elyse kidevu.

"Anasema wa kwao wamekataa," Emanikor akasema, na sauti yake ilikuwa imepungua. "Anauliza, wewe mgeni, wako ni nani?"

"Mimi sina."

Bibi hakungoja tafsiri. Akasema kwa Kiswahili chake cha sokoni, "Hakuna mtu bila wafu."

Waswahili wana msemo, mgeni njoo, mwenyeji apone. Ni mwepesi kuusema ukiwa umekaa na chai yako! Elyse alikuwa na jina moja tu, na hilo moja lilimtisha kuliko maji ya laga. Amwite aliyekufa kwa damu, aje kwenye damu? Na akija kumchukua huyu naye? Ataishi vipi na majina mawili asiyoweza kuyataja?

Akiru akamshika kiganja cha mkono. Vidole vilikuwa baridi.

"Clotilde," Elyse akasema.

"Nguvu!" bibi akamkemea.

"Clotilde!" Akalia nalo, machozi na kamasi vikichanganyika, "Clotilde! Clotilde!" mpaka Emanikor akageuka akasahau miiko yake yote.

Mtoto alinyamaza. Akapapasa kwa midomo, akakosa, akapapasa tena, akashika. Akanyonya. Elyse hakuthubutu kupumua. Mkono wake ulikuwa bado tumboni, na chini ya mkono kitu kikaanza kujikusanya polepole, kikakaza, kikawa kigumu kama chungwa bichi. Akatazama chini. Akahesabu pumzi, akatazama tena. Hakuamini, akaendelea kusugua mpaka bibi mwenyewe alipomtoa mkono.

Maji yalishuka alasiri. Hospitalini Lodwar Akiru aliingizwa ndani, akaongezewa damu, na daktari akasema atapona. Elyse akakaa nje kwenye benchi. Alikuwa ameosha mikono, akaiosha tena, na bado aliificha mapajani.

Nakaale akatoka na mtoto anayelia kwa hasira zake zote. Akamwekea Elyse magotini kama mtu anayerudisha kitu kwa mwenyewe.

"Huyu ni mama yako," akasema. "Analia. Mnyamazishe."

Elyse akaitoa mikono mafichoni. Akamwinua yule mtoto mpaka usawa wa uso wake, akamtazama sana.

"Nyamaza, mama," akamwambia. "Damu imekoma."