Magogo Manne ya Keziah

Asubuhi ile Keziah alikuwa anageuza mikate ya mahindi kwenye kikaango wakati nyumba ya akina Pruitt ilipopasuka katikati. Haikutoa kishindo. Meza ilikatika kati ya bakuli la maharage na chupa ya shira, na kila nusu ya nyumba ikasogea kando kidogo, kama watu wanaopishana mlangoni. Jiko la mawe lilibaki pale pale katikati, wazi chini ya anga, na Keziah mbele yake na mwiko mkononi. Mikate haikuungua.

Nyumba ile ilijengwa juu ya mpaka wa viwanja viwili makusudi. Ardhi ya Kansas ilipofunguliwa kwa walowezi, sisi wa jimbo jirani la Missouri tulivuka mto kwa pupa, na desturi ilikuwa hii: ukilaza magogo manne kwa mraba juu ya nyasi, mahali hapo ni pako, ilimradi ulale hapo. Nani alikuwa analala hapo kabla yako, hakuna aliyeuliza. Lemuel Pruitt na mdogo wake Enoch walichukua viwanja viwili vilivyopakana, na kwa uvivu, au kwa akili, wakajenga nyumba moja juu ya mstari: kitanda cha Lemuel upande huu, cha Enoch upande ule, meza na jiko katikati. Lemuel alikuja na Keziah na Phibby, binti wa Keziah, watumwa aliowarithi kwa baba yake. Enoch hakutaka watumwa Kansas. Alilisema jambo hilo kila mlo, akila alichopika Keziah.

"Nchi hii iwe ya watu huru," alisema asubuhi ile, akivuta kiti chake mbali na ufa. "Mzungu mwenye jembe lake atashindanaje na mtu anayelimiwa bure?"

"Na hawa je?" Lemuel aliuliza, akimwonyesha Keziah kwa uma.

"Waende zao. Mimi sitaki mtumwa, na sitaki mweusi. Niletee shira hiyo, Shangazi."

Keziah, ambaye wazungu walimwita Shangazi kama walivyomwita kila mtumwa mwanamke wa umri wake, akaruka ufa, akampelekea shira.

Majirani tulikwenda kuona. Wengine walisema magogo yalikatwa yangali mabichi. Mchungaji alisema kanisa lake la Missouri lilipasuka vivyo hivyo zamani kidogo, tena lile lilikuwa la matofali. Tukanywa kahawa, tukarudi kulima. Kila ndugu wale walipogombana nyumba iliachana zaidi, na kwa kuwa hawakukosa siku, kabla ya mavuno ufa ulitosha kupita gari la ng'ombe. Waliokuwa wanahamia magharibi wakaanza kupita humo, maana palikuwa njia ya mkato. Walimwomba Keziah maji, wakaendelea.

Yeye alikuwa na swali. Alimwuliza mpimaji ardhi aliyepita na mnyororo wake wa kupimia.

"Samahani bwana. Hapa penye jiko ni kiwanja cha nani?"

Mpimaji akapima toka ukuta wa Lemuel, akapima toka ukuta wa Enoch, akajikuna kidevu. "Cha Lemuel kimeishia kule. Cha Enoch kinaanzia kule. Hapa sipaoni kwenye ramani."

"Kwa hiyo hapana mwenyewe?"

"Unauliza sana, Shangazi," alisema, akakunja mnyororo wake.

Keziah hakuuliza bure. Dada yao akina Pruitt alikuwa ameolewa Texas, na Lemuel alikuwa ameahidi kumtoa Phibby awe zawadi ya harusi ya dada huyo, apelekwe huko baada ya mavuno. Phibby alikuwa ndiyo kwanza ajue kubeba ndoo bila kuimwaga. Sheria ya ardhi Keziah alikuwa ameisikia mezani mpaka akaijua kwa moyo: magogo manne, na ulale hapo. Kama mtoto wa mwenye kiwanja anaweza kutolewa zawadi, hilo hakulisikia likisemwa. Alitaka kuona.

Jumapili, wale ndugu wakiwa kanisani, kila mmoja kanisa lake, mama na mwana walikokota magogo manne toka mtoni, wakayalaza mraba kuzunguka jiko. Kisha wakajilaza ndani yake mchana kweupe. Walipata usingizi mzuri.

Lemuel alifika kwanza. "Wewe Keziah, nini hiki?"

"Kiwanja, Bwana Lemuel."

"Cha nani?"

"Changu na mwanangu. Mpimaji kasema hapaoni kwenye ramani."

Lemuel akamwita mdogo wake kwa jina, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu nyasi ziote. "Enoch! Hebu njoo uone!"

Enoch akaja, akaona. "Aa, hapana. Hili haliwezekani."

"Ndivyo ninavyosema mimi."

"Basi leo tumekubaliana, kaka."

Nyumba ikaanza kurudi. Nusu zile mbili zilikuja taratibu juu ya nyasi, Keziah akamvuta Phibby pembeni, kuta zikakutana, meza ikaungana, na hata tundu la panya likaziba. Ndugu wakayatoa magogo nje, mmoja kashika huku na mwingine kule, wakicheka kama walivyocheka utotoni. Lemuel akasema yapasuliwe kuni.

Keziah alipika chakula cha jioni kwa kuni hizo. Walikula meza moja, wakasifu mikate. Wakati wa kahawa Enoch akataja nchi ya watu huru, Lemuel akataja haki ya mtu juu ya mali yake, na nyumba ikaachana tena, safari hii zaidi.

Mavuno yalipokwisha Phibby aliondoka kwa gari la ng'ombe, akipitia katikati ya nyumba kwa kuwa ndiyo njia fupi. Ng'ombe mmoja aligoma penye jiko. Enoch, asiyependa utumwa, akatoka akamshika pembe, akamvusha. Phibby alimwita mama yake mpaka sauti ikakauka. Sisi majirani tulisimama uzioni, na ilituuma, kisha tukarudi makwetu.

Keziah alikuwa bado anatazama nyasi walipomwita, mmoja kila upande.

"Keziah! Chakula!"

"Shangazi, na huku!"

Alipakua sahani mbili. Alianza na ya Lemuel, akarudi jikoni, akashika njia ya kwa Enoch, ambayo sasa ilikuwa safari. Maharage yalifika yamepoa, na Enoch akalalamika.